Bwana Baridi Amefika?

Machungwa yalipoanza kugeuka rangi nyuma ya jengo alimoishi, Mama Vioo alijua kwamba wageni hawako mbali. Hakuhitaji kalenda nyingine. Asubuhi ukungu ulitanda uani mpaka kamba za kuanikia nguo zikawa hazionekani, nyasi zikawa rangi ya mkate, na mforsadi wa kando ya ukuta ukabaki fito tupu. Ni mchungwa tu uliokataa kuvua majani. Baridi ya hapo haikuwa ya kuua mtu. Ilikuwa ile ya kukufanya ukumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili, halafu jua likipanda unavua sweta huku ukijilaumu kwa nini ulilivaa. Lakini huko walikotoka wageni, kwa jinsi alivyosimuliwa, maji yaligeuka jiwe, na ardhi ikafunikwa nyeupe mpaka mtu asijue pa kukanyaga. Basi kiumbe mwenye uzito wa kijiko abaki huko afanye nini?

Wageni wenyewe walikuwa ndege. Kwanza walikuja wale wadogo wa kijanikibichi, kundi zima, wakipekuapekua majani kama wanawake kwenye fungu la mitumba. Baada yao wale wenye madoa kifuani, ambao hutembea chini hatua chache kisha husimama ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mama Vioo aliwatazama kutoka mezani jikoni, chai mkononi, redio ikiwa imezimwa. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya chini, upande wa nyuma, tangu mumewe alipofariki. Mtu wa kumwambia "hebu njoo uone huyu" hakuwepo, kwa hiyo alijiambia mwenyewe kwa sauti, na wakati mwingine aliiambia birika.

Mwisho wa wote, peke yake kama Mama Vioo mwenyewe, huja yule aliyekuwa akimsubiri. Ndege dume wa kichwa cha kijivu, kifua cha rangi ya chungwa lililoiva, na kidoa cheupe katika kila bawa, kana kwamba alipita karibu na mtu anayepaka ukuta chokaa. Mkia wake haukutulia. Ulitetemeka akiwa amekaa, ulitetemeka akila, ulitetemeka akifikiri. Jina lake halisi Mama Vioo hakulijua. Jina alilopewa na mjukuu lilitosha: Bwana Baridi.

Huyo mjukuu alizaliwa mbali, katika nchi ya hao ndege, ambako binti pekee wa Mama Vioo alikwenda kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na hakuwa amerudi tangu maziko ya baba yake. Kule kwao, wakati wa joto, Bwana Baridi alijenga kiota chini ya paa la banda. Baridi ilipoanza, akatoweka. Mtoto akalia siku nzima. Mama mtu, kwa kutafuta amani, akamwambia, "Si uliona alivyokuwa akitetemeka? Ameenda kwa bibi. Kwa bibi kuna joto."

Neno hilo likashika mizizi. Kabla ya hapo simu ya Jumapili ilikuwa fupi: "Msalimie bibi." "Shikamoo bibi." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo. Kwaheri bibi." Na mtoto huyo mbio kwenye katuni zake. Baada ya neno lile, ilikuwa mtoto ndiye anayemnyang'anya mama yake simu, na hata salamu alisahau.

"Bibi! Bwana Baridi amefika?"

"Bado, mke mwenzangu," Mama Vioo alijibu. Alimwita mke mwenzangu, kama nyanya wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Bado yuko njiani. Unajua hana gari."

Lakini mwaka uliopita mambo hayakwenda vizuri. Bwana Baridi alifika, Mama Vioo akaielekeza simu dirishani, na mtoto akakodoa macho kule alikokuwa.

"Simwoni."

"Yule pale, kwenye kamba."

"Bibi, lile ni doa."

Na kweli lilikuwa doa. Dirisha la jikoni lilikuwa limejaa vumbi na alama za mvua za miaka, na kwenye simu ndege alikuwa doa miongoni mwa madoa. Mwaka huu mtoto alikuwa amekua. Maneno mengine ya Kiswahili yalikuwa yameanza kumtoroka, akawa anasimama katikati ya sentensi kuyatafuta. Na Jumapili ya juzi alitamka bila kinyongo, kama watoto wanavyotamka mambo mazito: "Nisipomwona mwaka huu, basi haji kwako. Mama alisema tu."

Binti yake alicheka. Mama Vioo naye alicheka. Simu ilipokatika alibaki ameishika. Uzi uliomfunga na mtoto yule ulikuwa mwembamba kama mguu wa ndege. Mtoto akikosa cha kumwuliza bibi, simu itabaki ya nini? Itarudi kuwa shikamoo na kwaheri, na baadaye hata hiyo shikamoo italazimishwa.

Bwana Baridi alifika siku ya katikati ya wiki, ukungu ulipokuwa ukifumuka. Kwanza Mama Vioo alimsikia: tik, tik, kama mtu anayegonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe. Akainua macho. Yule pale juu ya nguzo ya kamba, mkia unatetemeka, kifua kinawaka katika ule weupe wote.

"Umefika, baba," alimwambia kupitia kioo. "Pole na safari."

Akatafuta simu, akairudisha mezani. Kule kwao saa hizi binti yuko kazini, anawaogesha wazee wa watu. Mtoto yuko shule. Mpaka Jumapili. Akasimama na furaha yake katikati ya jikoni kama mtu aliyebeba sinia kubwa asijue pa kuliweka. Ndipo macho yake yakaangukia dirisha, na akaona aibu.

Maana jina la Mama Vioo halikuja hivihivi. Alikuwa ameosha vioo katika lile jengo refu la maofisi karibu na kituo cha mabasi tangu binti yake akiwa mgongoni mpaka alipostaafu. Hakuwa mfagiaji wala mpiga deki. Alikuwa mtu wa vioo. Wasichana waliokuja kuanza kazi waliwekwa chini yake, na somo lake lilikuwa moja. "Kioo kikioshwa sawasawa," aliwaambia, "hakionekani. Ukikiona, rudia." Siku moja mkurugenzi mwenyewe, na suti yake, alitembea moja kwa moja akagonga uso kwenye mlango ambao Mama Vioo alikuwa ameupitishia kitambaa asubuhi ile. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye alimletea yule bwana barafu ya kuweka puani, lakini moyoni, Mungu amsamehe, alisikia fahari.

Na leo dirisha lake mwenyewe liko hivi. Mganga hajigangi. Bega lilimuuma tangu alipostaafu, na mumewe alipoondoka hapakuwa tena na mtu wa kumsifu, basi akaliacha.

Alichemsha maji. Akakata sabuni ya kipande, akatia siki kidogo, akatoa uvunguni ule mpira wa kukwangulia maji ambao wenzake kazini walimzawadia siku ya kumuaga, akaenda uani na kigoda. Bwana Baridi akahamia juu ya mchungwa kumtazama. Mama Vioo aliosha upande wa nje, akaosha upande wa ndani, akarudi nje tena. Bega lilipiga kelele, akaliambia linyamaze. Alivuta mpira toka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja, bila kusita, kwa sababu ukisita kioo kinabaki na mchirizi. Akamalizia na gazeti kavu. Aliposhuka kwenye kigoda na kurudi nyuma kidogo, hakukuwa na kioo. Kulikuwa na mchungwa mwingine ndani ya dirisha, na machungwa yake, na kipande cha mbingu ya buluu.

"Haya," alisema. "Sasa aniambie tena ni doa."

Akaingia ndani, akamimina chai, akakaa kwenye kiti chake. Aliona uani kama mtu aliyevuliwa mtandio machoni. Akaona hata tone la umande kwenye ncha ya jani. Akamwona Bwana Baridi akiinamisha kichwa kidogo, akitazama upande wake. Akamwona akiruka, anakuja, anakuja kwake moja kwa moja.

Ti!

Sauti ilikuwa ndogo sana, kama kifungo kilichoanguka sakafuni. Kwenye kioo pakabaki unyoya mmoja wa kijivu.

Alipofika nje ndege alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, mabawa yamefumuka, mdomo wazi. Mkia haukutetemeka. Mama Vioo alipiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakuwa yamelifanya kwa muda mrefu, akamwokota kwa ncha za vidole. Alikuwa wa moto. Hakuwa na uzito wowote, joto tu, na ndani ya lile joto kitu kilikuwa kikidunda haraka haraka kama saa iliyoharibika.

"Usife," alimwambia. "Tafadhali baba yangu, usinifie mkononi. Umetoka mbali hivyo."

Ampe maji? Ampulizie? Hakujua. Aligeuka kushoto na kulia, na uani hapakuwa na mtu, madirisha ya jirani yote yamefungwa kwa ajili ya baridi. Ndipo akamkumbuka Komandoo. Komandoo alikuwa mlinzi wa jengo lile la maofisi. Siku moja, miaka mingi nyuma, Mama Vioo alimkuta kwenye kibanda chake ameshika kofia yake ya kazi kama bakuli, na ndani yake mna ndege, na baadaye yule ndege akaruka. Hakuuliza mengi siku ile. Alikuwa na vioo vinavyomsubiri.

Akatoa viatu kwenye boksi, akatandika kitambaa, akamlaza Bwana Baridi, akafunika, akatoka bila hata kubadilisha kandambili.

Jengo lilikuwa palepale, na jua la asubuhi limelipiga lote likawa kama ubao wa dhahabu. Njia nzima alikuwa ameshika boksi mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mayai. Watu walimpisha. Kijana mmoja mwenye mkokoteni alisimamisha mzigo wake akamwambia, "Pita kwanza, mama," bila kuuliza kuna nini, na Mama Vioo alimshukuru kwa kichwa.

Komandoo aliitwa hivyo kwa utani tu. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuangulia maembe, na katika maisha yake yote ya ulinzi hakuwahi kumkimbiza mtu. Alipomwona alitoka kibandani mikono hewani.

"Shikamoo Mama Vioo! Umeadimika kama mvua ya kiangazi! Au umekuja kukagua? Njoo uwaone hawa wasichana wa siku hizi, kioo wanakipaka mafuta badala ya kukiosha!"

"Marahaba. Komandoo, nisaidie."

Alimtazama usoni, akaacha utani palepale. Akapokea boksi, akainua kifuniko kidogo, akachungulia kwa jicho moja, akafunika.

"Kajigonga?"

"Kwenye dirisha langu."

"Yuko hai. Mguu umekishika kitambaa, vizuri hivyo. Kaa hapa. Umempa maji?"

"Sijampa kitu."

"Vizuri. Usimpe. Anataka giza na kimya, basi. Kichwa kimezunguka, kama mlevi. Tumwache ulevi umtoke." Akaliweka boksi chini ya meza, mbali na mlango, akavua koti lake akalifunika juu. Kisha akampa Mama Vioo kiti chake mwenyewe, cha pekee, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Walikaa. Mama Vioo alinyoosha mkono kutaka kuchungulia, Komandoo akamrudisha taratibu. "Acha, mama. Kila ukifungua anafikiri paka amekuja."

"Umejifunza wapi haya?"

"Ah. Kazi ya lindo. Mtu unaona mengi."

"Mengi kama yapi?"

Alijikuna kidevu. Akamweleza kuhusu ndege mmoja aliyekuwa na kijipete mguuni, cha chuma, chenye namba. "Nikasema, kumbe kweli kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Tena huyu kaja na kitambulisho kabisa!" Alicheka peke yake. Mama Vioo hakucheka. Alikuwa akitazama nje ya kibanda, ule ukuta mrefu wa vioo, na machungwa ya bustani ya mbele yaliyokuwa yanaonekana ndani yake, na mawingu.

"Komandoo. Wale ndege uliokuwa ukiwaona. Walikuwa wanajigonga wapi?"

Komandoo alirekebisha koti juu ya boksi.

"Walikuwa wanajigonga kwenye vioo vyangu."

"Vioo vya kampuni, mama. Wewe ulivinunua?"

"Komandoo, mimi ni mtu mzima."

Akashusha pumzi. "Si kila siku," alisema. "Siku za ukungu. Wakati huu wa baridi, wakifika wamechoka. Siku nyingine hakuna hata mmoja. Siku nyingine..." Akapangusa meza kwa kiganja. "Nilikuwa napita na mfuko kabla hamjaingia kazini. Walio hai niliwaweka kwenye kofia. Wengine niliwafukia pale mbele, chini ya maua."

"Miaka yote hiyo?"

"Baridi ikiingia tu."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie nini, mama? Ulikuwa unafika unaimba. Asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, ndoo mkononi, na unaimba. Nani angekuwa na roho hiyo? Mara moja nilimwambia msimamizi, akasema vioo ndivyo vinavyoleta wapangaji. Basi nikaona bora mfuko."

Mama Vioo aliitazama mikono yake mapajani. Vidole vilikuwa bado vyeupe kwa sabuni. Katika upweke wake wote, siku ambazo hakusema neno na mtu tangu asubuhi, alikuwa na kitu kimoja cha kujifunika nacho, yaani ile kazi aliyoifanya sawasawa. Sasa hata hicho kilikuwa na tundu. Alitaka kulia akashindwa, maana mbele yake, juu ya ndoo, alikaa mtu aliyepita katika ukungu ule wote kila mwaka na mfuko wake, akiinama na kuokota, ili yeye apite akiimba.

"Ahsante," alisema mwishowe.

"Ahsante ya nini tena?"

"Wewe pokea tu."

"Nimepokea." Akaangalia pembeni. "Lakini michirizi ya hawa wasichana, nakuambia ukweli, imewapunguza sana wanaojigonga. Wakiwa wavivu mimi nawaombea dua."

Chini ya koti kitu kikaanza kukwaruza. Wote wawili wakainama. Krr, krr, kucha juu ya karatasi ngumu.

"Ameamka," Komandoo alinong'ona. "Usimfungulie hapa, hapa atajigonga tena. Mrudishe kwake. Anaujua mti wake. Na lile dirisha, mama, lichore. Chukua sabuni ya kipande, piga mistari toka juu hadi chini, karibukaribu, upana wa kiganja tu. Upande wa nje. Aone kuna kitu."

"Nilichafue."

"Ulichafue."

Alirudi kwa mwendo wa kuku aliyefungwa. Uani aliweka boksi chini ya mchungwa, akafungua, akarudi nyuma. Bwana Baridi alikaa ndani amejitunisha kama mpira. Akamtazama. Akaruka juu ya ukingo wa boksi, mkia ukatetemeka mara moja, kisha akapaa mpaka kwenye mforsadi, akakaa kidogo kwenye fito tupu, na kutoka hapo akavuka ukuta. Mama Vioo alisubiri mpaka jua likageuka. Hakurudi.

Kuchora dirisha ndiko kulikomshinda zaidi. Alisimama juu ya kigoda na kipande cha sabuni, na mkono ukagoma kabisa, kama punda mbele ya daraja. Mstari wa kwanza ulitoka umepinda. Wa pili akaupiga huku amekaza meno. Alipomaliza, dirisha lilikuwa kama daftari la mtoto wa chekechea, na ndani jikoni mwanga ukaingia umekatwakatwa vipande. Akakaa mezani. Kati ya mstari na mstari aliona kijani kidogo, chungwa nusu, kamba ya nguo bila nguo. Kesho yake hakumwona, na kesho kutwa hakumwona. Jumamosi alisikia tik, tik mahali fulani nje. Akasimama, akaegemea huku na huku kati ya mistari, lakini hakuweza kusema sauti inatoka mti gani, wala kama ndiye.

Jumapili simu ililia kama kawaida.

"Bibi! Amefika?"

Alikuwa amejiandaa. Angeweza kusema bado. Bado ni neno dogo, na mwakani si mbali. Angeweza kusema amefika lakini amekwenda kutembea. Aliutazama ule uso kwenye simu, meno mawili ya mbele hayapo, macho yote kwake.

"Amefika," alisema. "Nilimwona vizuri kabisa. Halafu, mke mwenzangu, nikamwumiza."

Uso ukasimama. "Ulimpiga?"

"Kioo kilimpiga. Nilikiosha sana, akadhani hakuna kitu, akaja akajigonga."

"Kwa nini ulikiosha?"

"Ili wewe umwone."

Mtoto alifikiri. "Alilia?"

"Hakulia. Alilala. Nikampeleka kwa rafiki yangu, tukamweka gizani, akaamka. Akaruka mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Alivuka ukuta. Jana nilisikia sauti. Sijui kama ni yeye."

"Anakuchukia?"

"Sijui, mama yangu. Huenda."

Mtoto akaiweka simu chini, na Mama Vioo akaona dari, taa ya duara, kisha akasikia miguu midogo ikikimbia. Basi. Ndiyo imekwisha. Alijua itakuwa hivi, na bado aliendelea kuitazama ile taa.

Dari ikasogea, ukaja uso wa binti yake, nywele bado mbichi. "Mama, umemfanya nini huyu? Amepita hapa kama..." Akasogeza uso karibu. "Mama. Hilo nyuma yako ni dirisha la jikoni?"

"Ndilo."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Niambie ukweli. Wewe? Wewe uliyenichapa kwa alama ya kidole kimoja? Uliache dirisha hivyo? Mama, unaumwa nini?"

Basi akamsimulia. Alimsimulia yote: ndege, boksi, Komandoo na mfuko wake, na wale waliofukiwa chini ya maua wakati yeye anaimba. Hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mkupuo tangu msibani. Binti yake hakumkatiza. Kwa kawaida alikuwa akiongea na mama yake huku anakunja nguo au anakaanga kitu. Safari hii mikono yake haikuonekana ikifanya lolote.

"Na mimi ndiye niliyemwambia mtoto kwamba anakuja kwako," alisema mwishowe.

"Ulimwambia kweli. Alikuja."

"Mama." Akafuta pua kwa kiganja. "Uko peke yako sana huko, eeh?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Siku zote huulizwa kama dawa zimefika na kama bega linaendeleaje. Mama Vioo alifungua mdomo kusema aah, mimi nipo, namshukuru Mungu. Maneno hayo yalikuwa tayari pale mlangoni, yamevaa viatu.

"Sana," alisema.

Wakatazamana. Miguu midogo ikarudi ikikimbia.

"Bibi! Bibi, hii?" Mtoto alikuwa ameinua chupa ya sabuni mbele ya uso wake, kubwa, ya rangi ya waridi. "Hii inaweza kuchora?"

"Hiyo ya maji, itachuruzika. Unataka kuchora nini?"

"Dirisha! Sisi tunalo kubwa kuliko lako. Akirudi huku atajigonga!" Alitafuta neno, hakulipata, akalionyesha kwa mkono: kitu kinaruka, kitu kinaanguka.

"Sabuni ngumu," Mama Vioo alisema. "Ya kipande. Mwulize mama yako, ya kuogea inafaa. Upande wa nje. Mistari toka juu hadi chini."

"Kubwa au ndogo?"

"Weka kiganja chako. Kiganja, mstari. Kiganja, mstari."

"Changu ni kidogo, bibi."

"Basi ndiyo vizuri zaidi."

"Jamani, nje kuna baridi," binti yake alisema. "Ndege mwenyewe hatarudi mpaka..." Lakini alikuwa ameshaanza kuvaa koti. Mtoto alikuwa anavuta kitu kizito sakafuni, labda kiti. Mlango ukafunguliwa. Simu iliwekwa mahali, na Mama Vioo akaona tena dari na taa ya duara.

Akawasikia. Sabuni ililia juu ya kioo, kwii, kwii. Mtoto alisema kiganja, mstari. Binti yake alisema usibonyeze hivyo, utaivunja, lete nikuonyeshe, bibi yako anavuta kwa mkupuo mmoja. Wakacheka jambo asilolisikia vizuri. Upepo wa kule uliingia ndani ya simu ukavuma. Hakuna aliyekumbuka kwamba bado yuko hewani.

Chai yake ilikuwa imepoa. Aliisogeza simu karibu kidogo, akaiegemeza kwenye birika ili isianguke, akaweka mikono mapajani, akasikiliza. Hakukata.